Kutafuta Mabadiliko ya Awali ya Saratani ya Umio kwa Endoskopia: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Chakula kinapoanza kumkwama mtu kifuani kwa sababu ya saratani ya umio, mara nyingi ugonjwa umeshapenya ndani ya ukuta na matibabu yamekuwa mazito. Kabla ya hapo kuna kipindi, pengine cha miaka, ambapo seli zimeshaanza kuharibika lakini zimebaki kwenye tabaka la juu kabisa la utando. Mgonjwa hasikii chochote. Doa likionekana wakati huo, linaweza kuchunwa kwa endoskopi yenyewe, kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, bila kupasua kifua wala tumbo.

Tatizo ni kuliona. Doa la mwanzo si uvimbe. Ni sehemu bapa iliyokolea wekundu kidogo, au pamekuwa pakavu pakavu, au vishipa vya damu vilivyokuwa vikionekana vizuri vimekatika ghafla. Kati ya watu wanaogundulika na saratani za umio na tumbo, takriban 1 kati ya 10 alikuwa ameshafanyiwa endoskopia katika miaka 3 iliyotangulia na saratani haikuonekana.

Mwongozo huu ni wa daktari au muuguzi wa chumba cha endoskopia anayejua kupitisha kamera na anataka kuona zaidi. Mgonjwa anayetaka kuelewa anafanyiwa nini naye hatapotea njiani. Msimamo wangu nautoa mapema: madoa mengi hupotea kwa sababu ya povu na haraka, si kwa sababu mashine ni duni. Ndiyo maana maji na muda vimepewa nafasi kubwa hapa kuliko vitufe.

Jua unachokitafuta

Saratani za umio ni za aina mbili kuu, na kila moja ina njia yake ya kuanza.

Ya kwanza inatokana na seli bapa zinazoutandika umio wote. Ndiyo inayotawala katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na katika ule wa Asia unaoanzia kaskazini mwa Iran hadi China. Hatua yake ya awali ni disiplasia ya seli bapa, yaani seli zilizoharibika lakini hazijawa saratani, ya daraja la chini au la juu, na hupenda zaidi theluthi ya kati ya umio. Kuwa macho zaidi kwa mvutaji wa tumbaku, mnywaji wa pombe, mtu aliyewahi kumeza kemikali inayounguza hata kama ni miaka mingi iliyopita, mwenye akalasia (mlango wa chini wa umio usiolegea vizuri chakula kipite), na hasa aliyewahi kuugua saratani ya kinywa au koo. Vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, navyo viliwekwa mwaka 2016 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Ya pili huanzia chini, karibu na tumbo. Asidi inayopanda kwa miaka huuchubua utando, na mahali pa seli bapa panaota seli za tezi zinazofanana na za utumbo. Hali hiyo huitwa umio wa Barrett, kwa jina la daktari wa upasuaji Norman Barrett aliyeandika juu yake mwaka 1950. Anayetarajiwa zaidi kuwa nayo ni mwanamume aliyepita miaka 50, mwenye kiungulia cha miaka 5 au zaidi, kitambi, historia ya sigara, au ndugu wa karibu mwenye tatizo hilo. Wengi wao hawapati saratani kamwe: pasipo disiplasia, hatari ni chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Mwambie mgonjwa hivyo kabla hajaenda kusoma mengine mtandaoni.

Tofauti ya aina hizi mbili ndiyo itakayoamua utumie rangi gani. Iodini ni ya seli bapa, siki ni ya Barrett. Ukizibadilisha hupati kitu.

Maandalizi

Mgonjwa asile chakula kigumu kwa saa 6 hadi 8, na maji matupu yakome saa 2 kabla ya kipimo. Mwenye akalasia au njia iliyobana anahitaji muda mrefu zaidi, kwa sababu chakula cha jana bado kinaweza kuwa humo.

Uliza mambo haya mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye kiti, si bomba la sindano likiwa tayari mkononi: ana mzio wa iodini? Ana tatizo la tezi ya shingo, hasa ile inayofanya kazi kupita kiasi? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Ana glakoma au moyo unaokwenda mbio? Maswali mawili ya kwanza ni kwa ajili ya Lugol, mmumunyo wa iodini unaonyunyizwa kwenye umio. La mwisho ni kwa ajili ya hayosini, dawa ya kutuliza misuli ya njia ya chakula, ambayo husaidia sana umio unapocheza usitulie.

Nusu saa hivi kabla ya kuanza, mpe mgonjwa anywe maji kidogo yenye simethikoni ya kuua povu na asetilisisteini ya kulainisha ute. Hatua hii inarukwa mno, nami naihesabu kuwa ya thamani kuliko kitufe chochote kilicho kwenye mashine.

Dawa ya usingizi mwepesi itolewe pale inapowezekana. Mgonjwa anayeguguma na kutapika kila sekunde atakulazimisha umalize haraka, na umio unaojikunja hauchunguziki. Chomeka kofia fupi ya plastiki angavu kwenye ncha ya kamera. Huisogeza lenzi mbali kidogo na utando na kukusaidia kufungua mikunjo. Hakikisha pia kwamba kamera, kichakataji, waya na skrini vyote ni vya ubora wa juu wa picha. Kimoja kikiwa cha zamani, picha yote inashuka kufuata hicho.

Kuna jambo moja la kuahirisha. Ukikuta umio umechubuka kwa asidi, daraja B au zaidi kwa vigezo vya Los Angeles (vinavyopanga michubuko hiyo kuanzia A hadi D), usianze kutafuta disiplasia siku hiyo. Uvimbe wa asidi huiga disiplasia kwenye skrini na hata chini ya darubini. Mpe dawa ya kuzuia asidi kwa wiki 6 hadi 8 kisha umrudishe. Kama kuna doa linalotisha waziwazi, hilo usilisubirishe; chukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara.

Kuingia na kusafisha

Anza kutazama tangu kwenye koromeo. Aliye katika hatari ya saratani ya seli bapa yuko pia katika hatari ya saratani ya koo, na sekunde chache za kutazama pembeni mwa koo kabla ya kumeza kamera hazimgharimu mtu kitu. Ukivuka tu mlango wa juu, unaweza kukuta kiraka chekundu chenye mpaka safi. Mara nyingi ni utando wa tumbo uliobaki huko tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake, si ugonjwa, ingawa ni vizuri kuuandika.

Sasa osha. Tumia pampu au bomba la sindano la mililita 50, ukiyaelekeza maji pembeni ili yatiririke ukutani, maana yakipiga utando moja kwa moja huacha vijidoa vya damu vitakavyokusumbua baadaye. Fyonza kwa upole, ncha ikiwa katikati; ukifyonza ukutani utaacha alama ya duara nyekundu na dakika moja baadaye utajiuliza ni nini ile. Endelea mpaka uone vishipa vyembamba vya utando kila upande. Vyeupe vinavyoondoka kwa maji ni ute au chakula. Vyeupe vinavyong’ang’ania vinaweza kuwa fangasi, au vinundu vya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa ndani ya seli) ambavyo havina madhara na ambavyo baadaye vitakolea sana kwa iodini.

Chunguza utando wa seli bapa wakati wa kushuka, kabla kamera haijaukwaruza. Kisha nenda tumboni, fyonza maji na hewa, fanya kazi ya kule, na ugeuze kamera kuutazama mlango wa umio kutokea chini. Doa la Barrett hupenda kujificha hapo kwenye maungio.

Alama na vipimo

Umbali wote hupimwa kutoka kwenye meno ya mbele. Kwa mtu mzima, maungio ya umio na tumbo huwa karibu na sentimita 40, ila watu hutofautiana, kwa hiyo soma alama kwenye kamera kila mara. Andika namba tatu: mahali kiwambo kinapobana, kichwa cha mikunjo ya tumbo, na mstari ambapo rangi inabadilika. Toa hewa kidogo kwanza, kwani hewa nyingi hunyoosha mikunjo na kukufanya uone Barrett isiyokuwepo.

Ikiwa wekundu wa Barrett umepanda juu ya mikunjo ya tumbo kwa sentimita 1 au zaidi, upime kwa vigezo vya Prague, vilivyochapishwa mwaka 2006. C ni urefu wa sehemu iliyozunguka umio mzima, M ni urefu wa ulimi uliopanda juu zaidi. Mikunjo ikiwa sentimita 40, mzunguko ukiishia 37 na ulimi mrefu ukiishia 35, unaandika C3M5. Chini ya sentimita 1 ni mstari usionyooka tu. Usiukate na usimpe mgonjwa jina la ugonjwa.

Mwanga mweupe kwanza

Kwa Barrett, lenga angalau dakika 1 kwa kila sentimita ya urefu. Kipimo kizima cha mara ya kwanza kisipungue dakika 7 kuanzia kuingiza hadi kutoa. Weka saa mahali unapoiona.

Rudi taratibu, ukijaza hewa kisha ukiitoa. Sehemu iliyo laini hukunjamana hewa inapopungua. Sehemu yenye ugonjwa hubaki imekakamaa, au huinuka kidogo mahali pasipokuwa na sababu ya kuinuka. Ndani ya Barrett, anza na upande wa kulia. Ukiuchukulia mzingo wa umio kama uso wa saa huku mgonjwa amelalia ubavu wa kushoto, madoa mengi ya mwanzo hukaa kati ya namba 12 na namba 6 upande wa kulia. Kwenye ripoti taja namba iliyoandikwa usoni pa saa, 12 ikiwa juu. Ukiandika “saa sita”, atakayeisoma hatajua ulimaanisha juu au chini.

Doa ukiliona, lieleze kwa vigezo vya Paris. 0-I ni lililotokeza, 0-IIa limeinuka kidogo, 0-IIb ni bapa kabisa, 0-IIc limebonyea kidogo, na 0-III limechimbika. Madoa mengi ya mwanzo ni ya kundi la II. Kubonyea sana au kuchimbika kunaonyesha kuwa huenda ugonjwa umeshateremka chini, na hapo namna ya tiba inabadilika.

Mwanga wa bluu na kijani

Mashine nyingi za sasa zina kitufe cha kubadili mwanga: NBI kwa Olympus, BLI kwa Fujifilm, i-scan kwa Pentax. Kila moja ina utaratibu wake. NBI huacha mawimbi mawili tu, karibu na nanomita 415 na 540, ambayo himoglobini huyanyonya sana. Kwa hiyo vishipa vya juujuu huwa vya kahawia na vile vya ndani zaidi huwa vya kibluu.

Kwenye seli bapa, pita umio mzima ukitafuta eneo la kahawia lenye mpaka. Lisogelee, na ukiwa na uwezo wa kukuza, kuza. Katika utando mzima utaona vitanzi vidogo vya kapilari, vyembamba na vinavyofanana. Disiplasia inapokomaa, vitanzi hivyo hunenepa, hupindapinda na kila kimoja huwa na umbo lake. Vigezo vya Japani huita vya kawaida aina A, na vya saratani aina B. B1 bado ni vitanzi, na ugonjwa kwa kawaida uko juu kabisa. B2 havina tena umbo la kitanzi, ugonjwa unaelekea chini. B3 ni mishipa minene, na ugonjwa umeshazama. Kwa anayeanza, kutofautisha A na B kunatosha. Mengine huja kwa kuona picha nyingi.

Kwenye Barrett, swali ni moja: kuna mpangilio au hakuna? Utando usio na disiplasia una viduara, matuta au mifereji inayofuatana, na vishipa hupita kati ya matuta hayo kwa utaratibu. Mpangilio ukivurugika au ukifutika kabisa, weka alama kichwani na upige picha.

Siki kwa Barrett

Tumia asidi asetiki ya asilimia 1.5 hadi 3 iliyopimwa na famasi. Nyunyiza mililita 10 hadi 20 kwa katheta (mpira mwembamba) ya kunyunyizia, kisha anza kuhesabu. Utando wa Barrett utageuka mweupe ndani ya sekunde chache, na vinyweleo vyake vitaonekana vizuri kuliko wakati wowote mwingine. Subiri bila kusogea. Sehemu yenye disiplasia hupoteza weupe mapema, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili, na hurudi nyekundu katikati ya weupe uliobaki. Hapo ndipo pa kukata. Ukitazama kwa sekunde 20 kisha ukaendelea na safari, umeitumia siki bure.

Lugol kwa seli bapa

Hii ndiyo rangi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji mashine ya kisasa. Seli bapa zilizokomaa zina glaikojeni, na iodini ikikutana na glaikojeni huwa kahawia iliyoiva. Seli zenye disiplasia zina glaikojeni kidogo au hazina kabisa, hivyo hazishiki rangi.

Lugol huja baada ya mwanga wa NBI, kamwe si kabla, kwani ikishaingia vishipa vyote vimefunikwa. Tumia ya asilimia 1 hadi 2, au chini kidogo ya hapo ili kupunguza maumivu. Osha tena umio. Ute uliobaki utazuia iodini na kukupa doa la uongo. Anza kunyunyiza kwenye maungio ya tumbo ukirudi juu taratibu, ukizungusha ncha ili iguse kila upande, na ukomee karibu na sentimita 20 kutoka menoni. Ukiipandisha zaidi itafika kooni, na mgonjwa anaweza kuivuta mapafuni au koo likambana. Mililita 10 hadi 20 zinatosha. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo na muuguzi awe na mpira wa kufyonza mkononi.

Tazama dakika ya kwanza. Utando utakolea na mistari yake midogo itajitokeza, isipokuwa sehemu zilizokataa rangi. Si kila iliyokataa ni disiplasia: michubuko, kovu na Barrett nazo hukataa. Inayotia shaka ina mpaka mkali usio wa duara, na inazidi milimita 5. Sasa subiri tena, dakika 2 hadi 3. Doa lenye disiplasia ya daraja la juu au saratani ya mwanzo huanza kama manjano hafifu, kisha hugeuka polepole kuwa waridi. Rudisha kitufe cha NBI wakati huohuo na waridi hiyo itang’aa kama fedha. Dalili hii ni ya kuaminika kuliko ukubwa wa doa, na anayetoa kamera mapema haioni.

Wengine utakuta wana madoa madogo mengi yasiyoshika rangi, umio mzima kama ngozi ya chui. Hata kama vinyama vyote vitarudi salama, mtu huyu yuko kwenye hatari kubwa ya kuota saratani nyingine ya umio au ya koo baadaye, na anastahili kufuatiliwa.

Ukimaliza, nyunyiza thiosalfeti ya sodiamu kuizimua iodini. Rangi itafutika mbele ya macho yako na maumivu ya kifua yatapungua. Fyonza iodini yote iliyoteremkia tumboni. Mgonjwa aambiwe kwamba anaweza kusikia kuungua kifuani kwa saa kadhaa, lakini akipata vipele, uvimbe wa uso au kupumua kwa shida, aseme mara moja. Lugol pia hubambua tabaka la juu la seli, kwa hiyo usipange kipimo cha kukuza picha wiki inayofuata.

Kuchukua vinyama

Kwanza vya madoa uliyoyaona, kila doa na chupa yake ya formalini. Kisha, kwa Barrett, fuata utaratibu wa Seattle: vinyama 4 vya pande nne kila baada ya sentimita 2, au kila sentimita 1 kama disiplasia ilishawahi kuonekana. Anza chini kupanda juu, damu isije ikakufunika. Kila kimo kiwe na chupa yake, imeandikwa sentimita. Vinyama vya kubahatisha ni vya kuziba pengo tu, havichukui nafasi ya kutazama.

Namna ya kukata: fungua koleo, livute hadi kwenye ncha ya kamera, geuza ncha kuelekea ukutani, fyonza hewa kidogo utando uingie mdomoni mwa koleo, kisha funga. Ukilisukuma sambamba na ukuta utateleza na kuambulia vipande vya juujuu visivyosomeka.

Doa linaloelekea kuondolewa kwa endoskopi lichukuliwe kinyama kimoja au viwili tu. Ukilikata mara nane, kovu litaligandisha kwenye tabaka la chini na atakayekuja kulichuna atapata tabu isiyo ya lazima. Kama mgonjwa anapelekwa kituo cha mabingwa kesho, unaweza hata kuliacha.

Ripoti na kinachofuata

Piga picha zisizopungua 10 kwa kipimo kizima, na kwa kila doa angalau tatu: ya mbali, ya karibu na ya rangi. Kompyuta zinazotambua madoa zimeanza kuingia vyumbani na zinasaidia, ila hazioni kilichofunikwa na povu.

Majibu yakirudi na disiplasia ya daraja lolote kwenye Barrett, mpatholojia wa pili mzoefu wa njia ya chakula asome vioo vilevile vya darubini. Daraja la chini hubatilishwa mara nyingi kwenye usomaji wa pili. Likithibitishwa, kipimo kirudiwe baada ya miezi 6, na likiwepo tena mgonjwa azungumziwe kuhusu kuunguza utando kwa mawimbi ya redio. Daraja la juu apelekwe kituo cha mabingwa bila kusubiri. Doa linaloonekana kwa macho huchunwa, haliunguzwi, maana kilichounguzwa hakiwezi kusomwa maabara kujua kilikuwa kimezama kiasi gani. Kwa seli bapa pia daraja la juu huchunwa, ikiwezekana likiwa kipande kimoja.

Barrett isiyo na disiplasia, kwa mwongozo wa Ulaya, hufuatiliwa kwa urefu: chini ya sentimita 3 arudi baada ya miaka 5, kuanzia 3 hadi chini ya 10, miaka 3, 10 na zaidi aende kwa mabingwa. Aliyevuka miaka 75 bila kuwahi kuwa na disiplasia anaweza kuachishwa ufuatiliaji.

Unapomhamisha mgonjwa, bahasha yake iwe na picha, umbali kutoka menoni, namba ya uso wa saa, vipimo vya Prague na Paris, vinyama vingapi vilikatwa wapi, na vioo vya patholojia vyenyewe, si karatasi ya majibu peke yake.